Sampo sita na katoni mbili za duka

UKOO WA BIBI TANGA 🌴 (group ya WhatsApp)

Nuru: Shikamooni wakubwa. Msishtuke mi mzima, ila nimepata ajali asubuhi mataa ya Bamaga hapa Dar, nimemgonga bajaji kwa nyuma. Boneti imekunjana kama chapati, taa ya kushoto haipo na maji ya rejeta yamemwagika yote barabarani

Bibi: Innalillahi. Umeumia wapi mjukuu wangu

Nuru: Kifundo cha mkono tu bibi, kimevimba. Dereva wa bajaji ndo kaumia mguu, kapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kapelekwa hospitali. Trafiki wameshakuja wamepima na kuchora. Gari nimelivuta hadi kituoni

Hamisi: duh pole dada. ile IST ya juzi juzi kabisa 😭

Anko Side: Pole mwanangu. Bima unayo lakini?

Nuru: Ninayo anko, tena ile kubwa inayolipa hadi gari langu. Gari walilithamini milioni 12, asilimia 3.5 ukiweka na VAT nikalipa 495,600 mwezi wa tatu. Ila sasa sina raha. Nimewapigia kutoa taarifa, dada kanipokea vizuri tu anaandika, kafika kwenye "gari lilikuwa linatumika kwa shughuli gani", nikamwambia nilikuwa kazini nazungukia maduka ya wateja. Akanyamaza. Halafu akaniambia haya subiri mkaguzi wetu atakupigia. Yani ule ukimya wake ndo unanitesa kuliko hata mkono

Anko Side: Ulikimbilia kusema. Ungesema unaenda kumsalimia shangazi yako Tegeta, nani angejua? Mkaguzi akipiga we badilisha, sema ulichanganyikiwa na ajali

Hamisi: anko 😂😂

Shangazi Mwana: Side koma. Nuru usibadilishe hata neno moja, nipo kwa mteja, nipe dakika 10

Anko Side: Haya wakala wa bima kashaingia, ngoja tunyamaze

Da Zuhura (Leicester): Pole mdogo wangu. Hilo swali la matumizi ya gari hata huku Uingereza wanauliza, tena kabla hujapewa bima. Mi si natunza wazee majumbani, asubuhi naanza kwa huyu, saa nne naenda kwa mwingine, gari ni langu. Nilipoanza nikajua nimemaliza maana bima ilikuwa inaruhusu matembezi na kwenda kazini. Kumbe kwenda kazini kwao ni nyumbani hadi sehemu MOJA ya kazi na kurudi. Ukishatoka kwa mzee wa kwanza kwenda kwa wa pili hiyo ni biashara, inabidi uiongezee. Niliongezea kwa simu, hata haikuwa hela ya kutisha. Kuna mwenzangu hakuongezea, polisi wakamsimamisha wakamuuliza unatoka wapi unaenda wapi, akajibu na yunifomu yake kifuani. Pauni 300, pointi 6 kwenye leseni, na gari wakaliburuta wakaondoka nalo. Alirudi na basi analia

Nuru: Da Zu unanimaliza sasa 😩

Da Zuhura (Leicester): Sikutishi, we huko ni tofauti kidogo, msubiri shangazi

Bibi: Mkono umeweka barafu?

Nuru: Nimeweka bibi

Shangazi Mwana: Haya nimekuja. Nuru, ule mkataba wa kurasa nyingi unao? Sio stika, stika hiyo kila mtu anaweza kuiona kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, akiandika namba ya gari. Nataka mkataba wenyewe, ukurasa wenye mipaka ya matumizi

Nuru: [picha]

Shangazi Mwana: Nimesoma. Sasa nisikilize na Side asikilize. Hapa wameandika gari ni la binafsi, linaruhusiwa matembezi, mambo ya nyumbani, na shughuli za kikazi za mwenye bima. Kwahiyo kule kuzungukia maduka peke yake hakujakuvunjia bima, bahati yako, maana kuna mikataba mingine hiyo sentensi ya kazi haimo kabisa, na mingine imo ila ni kwa kazi yako wewe na sio ya mwajiri. Endelea chini yake. Hairuhusu kubeba abiria au mzigo kwa kulipwa, hairuhusu mashindano, wala kubeba bidhaa za biashara ISIPOKUWA SAMPO, yani sampuli za kuonyesha. Sasa niambie ukweli. Kwenye buti kulikuwa na nini?

Nuru: Losheni za kazini

Shangazi Mwana: Najua losheni. Za kuonyesha au za kuuza?

Nuru: Ngoja nikahesabu, bado nipo hapa kituoni

Hamisi: hii group leo imekuwa mahakama

Nuru: Maboksi sita ya sampo, yale madogo ya kugawa. Na katoni mbili za chupa 24 za duka moja la Tegeta, bosi aliniambia jana kwa kuwa unapita njia hiyo washushie, gari la mzigo limekwama. Na dilivari noti ipo hapo juu ya dashibodi ina jina langu

Anko Side: Zitoe hizo katoni weka kwangu

Shangazi Mwana: SIDE. Gari lipo kituoni, askari wamelipiga picha, dilivari noti ina tarehe ya leo na jina la mtoto, na duka la Tegeta linasubiri mzigo wake. Akidanganya kwenye fomu ya madai, pale ambapo labda wangebishana kuhusu katoni mbili, anawapa sababu ya kukataa kila kitu. Bima nzima imejengwa juu ya kuambiana ukweli, ukishaonekana muongo hakuna wa kukusikiliza, hata mimi siwezi kukutetea

Anko Side: Nimeelewa nimeelewa

Nuru: Kwahiyo nifanyeje shangazi

Shangazi Mwana: Andika kama ilivyo. Ulikuwa unatembelea wateja, ulikuwa na maboksi sita ya sampo, na kwa maagizo ya bosi siku hiyo ulikuwa na katoni mbili za kupeleka. Halafu useme pia bajaji ilisimama ghafla mbele yako kwenye mataa, kama ndivyo ilivyokuwa. Wataamua. Wanaweza kulipa, wanaweza kulipa pungufu, wanaweza kukataa gari lako. Mi nikiwa mkaguzi nisingesema katoni mbili ndo zilizogonga bajaji, ila mi sio mkaguzi. Wakikataa usikubali kwa simu, waandike barua na waseme ni kifungu gani, tukiona wametuonea tunaipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima

Nuru: Na yule wa bajaji? Ndugu zake wananipigia wanataka laki tano za kuanzia

Shangazi Mwana: Usiahidi hela wala usisaini karatasi yoyote ya kukubali kosa. Kamsalimie hospitali, mpelekee matunda, ni mtu ameumia. Ila madai yake yanaenda kwenye bima, ndo maana sheria inalazimisha hata mwenye ile bima ndogo ya 118,000 amkinge mtu wa pembeni. Kampuni ikija kuona ulivunja masharti inaweza kumlipa yeye halafu ikakugeukia wewe uirudishie, hilo nalo ulijue usije ukashtuka baadae

Da Zuhura (Leicester): Na bosi je? Mi ndo nataka kusikia habari ya bosi

Hamisi: eeh bosi yupo wapi kwenye hii stori, katoni zake gari la dada bima ya dada

Nuru: Nimemwambia. Kanijibu "pole sana, ila gari si lako, kampuni inakupa hela ya mafuta"

Shangazi Mwana: Hela ya mafuta inalipa mafuta. Haitengenezi boneti. Kwanza mkono wako, umeumia ukiwa kazini, hiyo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri ndo anachangia na ndo anatakiwa apeleke taarifa, haijalishi gari ni la nani. Kamwandikie barua pepe leo, sio kwa mdomo. Pili mwambie kwa maandishi kwamba mzigo wa duka ulibeba kwa maagizo yake. Na kuanzia sasa hubebi katoni hata moja. Akitaka ubebe, wabadilishe bima iwe ya biashara na tofauti ya hela walipe wao

Nuru: Sawa shangazi. Hivi lakini wakala aliyenikatia mbona hakuniuliza haya yote? Aliniuliza namba ya gari na thamani basi, dakika tano stika imeingia kwenye simu

Shangazi Mwana: Ndo wanachonikera wenzangu. Kwenye fomu kuna mstari wa matumizi ya gari, yeye kaona namba ya njano kaweka tiki "binafsi" kaenda kula. Rangi ya kibao haijui unafanya kazi gani. Mi mteja akija namuuliza unafanya kazi wapi, gari linalala wapi, nani mwingine analiendesha, unabeba nini. Wengi wanakasirika wanasema nina umbea

Hamisi: shangazi kweli una umbea lakini 😂

Shangazi Mwana: Na leo huo umbea umemsaidia nani?

Bibi: Nuru kesho njoo nikukande huo mkono, uje umekula

Nuru: Nakuja bibi. Mkaguzi kapiga, kesho saa tatu kituoni. Nimemwambia yote hadi katoni. Kasema "asante kwa kuwa muwazi", sijui ndo vizuri au ndo wameshanipata

Da Zuhura (Leicester): Tupe habari kesho. Usilale na mawazo

Anko Side: Mwana nina swali dogo la jumla tu. Mfano mtu ana Noah namba ya njano bima ya binafsi, anafanya kazi yake mchana, ila jioni jioni anawasha app anabeba abiria wawili watatu wa mafuta tu

Anko Side: Ujumbe huu umefutwa

Anko Side: Samahani ilikuwa ya group nyingine

Shangazi Mwana: Side nimeisoma kabla hujafuta. Kesho saa nne ofisini kwangu, njoo na kadi ya gari. Na hiyo app usiiwashe leo