Streptomyces ya udongo wa Mabira: klasta 47, nianze na ipi?

Mwanagenzi_Kla
Wadau, naomba ushauri. Nina Streptomyces (bakteria wa udongo) kutoka msitu wa Mabira, Uganda, na dondoo lake linazuia Staphylococcus aureus. Jenomu imesomwa kwa Illumina peke yake (inasoma DNA kwa vipande vifupi): megabesi 8.6, yaani herufi milioni 8.6, katika kontigi (vipande vilivyounganishwa) 412. antiSMASH, programu inayotafuta klasta (makundi ya jeni zinazoshirikiana kutengeneza kemikali), inanionyesha maeneo 47, mengi hayafanani na chochote kinachojulikana. Fedha zinatosha kufuatilia klasta mbili tu. Nichague vipi?

Rwenzori_Data
Usichague bado, ndugu. Hiyo 47 inatia shaka. Streptomyces coelicolor, ambayo jenomu yake ya megabesi 8.7 ilichapishwa 2002, ilikutwa na klasta zaidi ya 20. Hesabu kwanza ni maeneo mangapi yako yameishia ukingoni mwa kontigi. Klasta za poliketidi na peptidi zisizotoka kwenye ribosomu zina moduli (sehemu zinazojirudia) zinazofanana mno, na vipande vya Illumina vya herufi 150 haviwezi kuvuka marudio hayo. Klasta moja ndefu inakatika na kuhesabiwa mara tatu, kisha kila kipande kinaonekana kigeni kwa sababu jeni nyingi hazipo.

Soma upya kwa Nanopore, inayosoma vipande virefu. Kina cha mara 100 (kila herufi kusomwa mara 100 kwa wastani) ni takriban gigabesi 0.86 tu. Unganisha kwa programu ya Flye, sahihisha kwa Medaka, halafu sahihisha tena kwa data yako ya Illumina ukitumia Polypolish. Hatua hii ya mwisho usiiruke: herufi moja ikipungua kwenye mfululizo wa G, fremu (mpangilio wa kusoma herufi tatu tatu) inahama na jeni moja ndefu inasomwa kama mbili. Kromosomu isipojifunga duara usihangaike, ya Streptomyces ni ya mstari.

Nalubaale
DNA ndiyo itakayokukwamisha. Vuna nyuzi changa za bakteria, za saa 36 hadi 48. Zilizozeeka ni ngumu kupasua. Lisozimu (kimeng'enya cha kupasua ukuta wa seli) miligramu 5 kwa mililita, nyuzijoto 37 kwa saa moja, ndipo SDS (sabuni) na proteinesi K (kimeng'enya cha kuvunja protini) kwa nyuzijoto 55. Usitie kwenye voteksi (mashine ya kutikisa), geuza mrija taratibu, na ukate ncha za pipeti, la sivyo DNA itakatika na faida ya Nanopore itapotea.

Kama DNA itasomewa nje ya nchi, shughulikia UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) mapema. Kanuni za 2005 za kufikia rasilimali za kijenetiki zinahitaji kibali, na sampuli ikitoka lazima iwe na mkataba wa kuhamisha. Mabira iko chini ya NFA (Mamlaka ya Taifa ya Misitu), basi ridhaa yao pia iwe kwenye faili. Jambo hili watu hulichukulia kama karatasi tu, ila ndilo linaloamua nani atanufaika dawa ikipatikana.

Kemia_Mbarara
Nakubaliana na waliotangulia, lakini anza na dondoo lenyewe sambamba na jenomu. Kinachozuia bakteria tayari kinatengenezwa, ilhali klasta nyingi hulala kimya maabarani. Tenganisha dondoo, pima sehemu inayozuia kwa LC-MS/MS (kipimo cha uzito wa molekuli), linganisha na GNPS (hifadhidata ya vipimo hivyo). Ukiona rangi ya chungwa na m/z (uzito kwa chaji) 1255, huenda ni aktinomaisini D, kemikali inayojulikana tayari, na ni bora kujua hivyo kabla ya kutumia fedha. Pima pia chakula kitupu cha kuoteshea kisicho na bakteria; bila hicho utafuatilia vitu vya soya iliyomo kwenye chakula.

Kwenye orodha yako ondoa jeosmini (hiyo harufu ya udongo mvua ikinyesha), ektoini, hopini na desferoksamini. Karibu kila Streptomyces inazo. Asilimia ya kufanana ya antiSMASH usiisome vibaya: inahesabu jeni ngapi za klasta inayojulikana zimepata mwenza kwako, si ukaribu wa herufi. Halafu pitisha jenomu kwenye programu ya ARTS, itafute nakala ya pili ya jeni muhimu ndani ya klasta. Klasta ya novobiosini (kiuavijasumu) ina gyrB ya ziada inayomkinga mtengenezaji, na papo hapo inakuonyesha dawa inalenga nini.

Mwanagenzi_Kla
Asanteni sana. Klasta niliyoichagua ikikaa kimya?

Kemia_Mbarara
Badilisha chakula kabla ya kugusa jeni. Unga wa soya, manitoli na aga, gramu 20 kila kimoja kwa lita ya maji ya bomba. Linganisha na ISP2 (chakula kingine cha kuoteshea), nyuzijoto 28, siku 7 hadi 14. Katika kutoa dondoo usitegemee ethili asetati (kiyeyusho) peke yake, peptidi zenye chaji hubaki majini. Ongeza resini ya XAD-16 inayonasa kemikali. Kiambata (kemikali unayoitafuta) kikionekana, futa jeni moja kuu ya klasta hiyo. Kikitoweka, na kurudi ukirejesha jeni, umeshapata uthibitisho.