PLAB 1 (mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje) nimefaulu, Uingereza nao wanatanguliza wa kwao. Niende au nibaki?

Daktari_Njiapanda: Wakuu, salaam. Mimi ni MD (daktari mwenye shahada ya kwanza) wa hapahapa Tanzania, intern (mwaka wa mazoezi hospitalini) nimemaliza, leseni ninayo. PLAB 1 nilifaulu Novemba, na hela ya PLAB 2, sehemu ya pili ya mtihani huo, kule Manchester nimeidunduliza miaka miwili. Januari 2026 serikali ya Uingereza ikapeleka bungeni muswada wa kuwatanguliza waliosomea udaktari kwao kwenye nafasi za mafunzo ya ubingwa. Mimi ninataka upasuaji. Niendelee? Matusi sihitaji, mke wangu ameshanipa ya kutosha.

Zamu_ya_Usiku: Niko huku Uingereza mwaka wa nne, mkuu. Usichanganye usajili wa GMC (baraza la madaktari la huku) na nafasi ya ubingwa. Ukifaulu PLAB 2, kusajiliwa kuko palepale. Panapobana ni ubingwa: mwaka 2025 waombaji walipita 30,000, nafasi kama 10,000. Wanaotangulia ni waliosoma Uingereza na Ireland, pia Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein. Wageni waliokwisha kuota mizizi nao wamefikiriwa, ila kwa 2026 wanaangalia zaidi nani ana kibali cha kuishi huku kwa kudumu. Wewe unayeshuka na begi leo uko nyuma ya wote hao. Kazi ya wodini isiyohesabiwa kwenye ubingwa unaweza kupata, lakini mimi ilinichukua miezi saba, na hiyo ni zamani kukiwa na nafuu.

Mzee_wa_Kliniki: Ubaguzi mtupu! Wageni wameibeba NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) miaka yote, leo wanafungiwa mlango.

Binti_Famasia: Ubaguzi uko wapi, mzee wangu? Vijana wao wamesomeshwa kwa kodi zao, wanamaliza wanakosa pa kwenda. Sisi tungemwacha mgeni achukue ufadhili wa MMed (shahada ya ubingwa) wa wizara?

Kisu_Butu: Tumjibu mwenye uzi jamani. Kama ni upasuaji, umeangalia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini? Makao yao Arusha. Unajifunza ukiwa kazini, kwenye hospitali waliyoiidhinisha, miaka mitano mpaka FCS (cheti chao cha ubingwa wa upasuaji). Kazi kubwa ni kupata bingwa atakayekubali kukusimamia.

Daktari_Njiapanda: Hiyo COSECSA sikuwahi kuipa uzito, nikiri tu. PLAB 1 inadumu muda gani?

Zamu_ya_Usiku: PLAB 2 uwe umeifaulu ndani ya miaka miwili.

Daktari_Njiapanda: Basi muda upo. Jumatatu naenda kwa bingwa wangu wa zamani, nisikie atasemaje. Manchester sijailipia bado. Shemeji yenu naye asiambiwe kwanza.