Nauli ya adhabu ya treni Uingereza: rufaa bado haijajibiwa, ada ya usimamizi inatoka wapi?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu mlioko huku na mlioko nyumbani mnaojiandaa kuja. Naomba tuijadili nauli ya adhabu ya treni za England, na hasa hela ya ziada inayobandikwa juu yake kwa jina la ada ya usimamizi.

Kwa wasiofahamu: tangu tarehe 23 Januari 2023, ukikutwa huna tiketi halali, mkaguzi anaweza kukuandikia pauni 100 juu ya nauli ya safari yako. Ukilipa ndani ya siku 21, zile 100 zinashuka hadi 50. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 20, au mara mbili ya nauli, yoyote iliyo kubwa. London nako Transport for London, wasimamizi wa usafiri wa jiji, wana yao: ilikuwa 80, Machi 2024 ikapanda hadi 100, na ukiwahi kulipa unalipa nusu.

Faini yenyewe sina ugomvi nayo. Anayeruka geti alipe. Ninachopinga ni hiki: mtu ana sababu yake, amekata rufaa kwa wakati, halafu inamfikia barua ya kumdai pauni 20 za usimamizi. Akiinyamazia, inakuja nyingine na 20 nyingine, na chini yake maandishi meusi mazito yakimkumbusha kuwa mahakama ipo.

Yamemkuta jirani yangu, nesi wa zamu za usiku. Kituo chake kina mashine moja na siku ile ilikuwa imezima. Akaipiga picha, akapanda, akakamatwa aliposhukia. Rufaa akaandika wiki ileile, na barua ya ada ikamfikia kabla ya majibu. Kalipa yote. Maombi yake ya ukaazi yako Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya huku, na hakutaka habari za mahakama zisogelee jina lake.

Msimamo wangu: ada ya usimamizi isidaiwe mpaka hatua zote za rufaa ziishe, na hata hapo kiwango chake kiwe kimeandikwa kwenye kanuni, si kila kampuni kujipangia. Karibuni.

Mzee wa Geti

Nimesimama getini miaka mingi, kwa hiyo nitasema yasiyopendwa. Sekta ya reli yenyewe inakadiria kupoteza kati ya pauni milioni 350 na 400 kwa mwaka kwa watu wasiolipa nauli. Hizo zinafidiwa na wewe unayekata tiketi na mlipa kodi asiyepanda treni kabisa. Kila ninayemsimamisha, mashine ilikuwa mbovu. Kila ninayemsimamisha, simu imezima chaji sasa hivi. Wapo wakweli, siwakatai, lakini mkaguzi ana dakika mbili na foleni nyuma yake.

Ada mnayoilalamikia inawahusu waliopewa siku 21 wakalala nazo. Kuna kutafuta anwani, kuna stempu, kuna mtu anayekaa kwenye kompyuta. Gharama hiyo abebe nani? Mama aliyelipa nauli yake?

Binti Pwani

Mzee, shikamoo, ila hapo umechanganya watu wawili. Aliyelala siku 21 ni mmoja. Aliyekata rufaa siku ya nne ni mwingine. Kanuni za nauli ya adhabu za 2018 ziko wazi: rufaa ikishaingia, siku zinasimama kuhesabiwa mpaka uamuzi utoke. Huyo nesi hakuwa amechelewa kwa namna yoyote, kwa hiyo barua ya ukumbusho haikuwa na cha kumkumbusha.

Kingine, kanuni zilezile zinataja kiasi cha adhabu kwa namba. Nani anionyeshe kifungu kinachotaja ada ya usimamizi. Nasubiri.

Na jamani, tuache kutishana. Nauli ya adhabu si hukumu ya jinai. Ukiilipa, kampuni haiwezi tena kukushtaki kwa safari ileile. Hofu ya ukaazi naielewa, nimepita huko, fomu zinauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Lakini kutiwa hatiani ni jambo jingine kabisa.

Tajiri wa Maneno

Kata tiketi kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Mjadala umefungwa.

Mama Coventry

Haujafungwa, kaka. Mama mkwe wangu hana simu ya kisasa, analipa keshi. Kaskazini huko kampuni ya treni ya Northern wanaweka mashine zinazotoa karatasi ya ahadi ya kulipa kwa mtu wa keshi, anapanda nayo kisha analipa kwa kondakta au kituo anachobadilishia treni. Ni utaratibu mzuri ukiwa unaujua. Mgeni aliyefika juzi kutoka Tanga ataujulia wapi? Anaona mashine, anaingiza noti, mashine haitaki noti, treni inaingia. Hapo ana nusu dakika ya kuamua.

Kipanga

Tuongeze ugumu wa tiketi zenyewe. Mnakumbuka Oktoba 2024, kijana aliyemaliza chuo karibuni alitishiwa kushtakiwa kwa pauni 1.90? Alikuwa na kadi ya punguzo ya vijana wa miaka 16 hadi 25, tiketi akalipia, ila kadi ile ina sharti kwamba nauli isipungue pauni 12 kabla ya saa nne asubuhi, siku za kazi, isipokuwa Julai na Agosti. Tiketi yake ilikuwa ya muda wowote. Sasa "muda wowote" ambao haujumuishi asubuhi ni muda gani huo? Habari ilipoenea, kesi ikafutwa. Mwezi uliofuata serikali ikaiagiza Office of Rail and Road, mdhibiti wa reli, ichunguze namna kampuni zinavyofuatilia nauli, na ripoti ya Juni 2025 ikasema abiria hawatendewi kwa usawa: kosa moja, adhabu tofauti, inategemea umekutana na kampuni gani. Ikataka mashtaka nayo yatumike kwa haki na kwa kufanana.

Na hiyo mahakama ya kwenye barua tusiione kama msahafu. Agosti 2024 hakimu mkuu wa mahakama za mwanzo za England, Paul Goldspring, alitamka kuwa kampuni za treni zilishtaki watu chini ya sheria ya reli ya 1889 kwa utaratibu wa hakimu mmoja wa faragha ambao hazikuruhusiwa kuutumia kwa kosa hilo. Hukumu zipatazo 74,000 zikawa kwenye hatari ya kufutwa. Maelfu ya watu walikuwa wameshalipa na kunyamaza.

Mzee wa Geti

Marahaba Binti Pwani. Kipanga, hizo 74,000 ni kosa la utaratibu, haimaanishi wote walikuwa na tiketi mfukoni. Tusipakane mafuta.

Ila nisikilizeni kwenye jambo moja ambalo naona hamjalipima. Kampuni ina njia mbili. Ya kwanza ni nauli ya adhabu, unalipa, unakwenda zako. Ya pili ni kukushtaki. Sheria ndogo ya 18 ya reli haihitaji kuthibitisha kuwa ulikusudia kudanganya. Huna tiketi na ulikuwa na nafasi ya kukata, basi, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Ile ya 1889, ya kukusudia kukwepa, inaweza hata kukupeleka jela. Mkiifanya njia ya kwanza iwe hasara kwa kampuni, isiwe na ada wala nguvu ya kudai, meneja atasema basi tuandike taarifa ya mashtaka tangu mwanzo. Mtakuwa mmemwondolea nesi wenu mlango rahisi na kumwachia ule mgumu.

Mleta mada

Mzee, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa. Lakini itazame vizuri. Unaniambia tulipe ada isiyo kwenye kanuni ili tusishtakiwe. Kama nguvu pekee ya ada ni kwamba nyuma yake kuna rungu, basi wanaoilipa haraka ni wenye cha kupoteza: mwenye viza, mwenye leseni ya kazi, mwanafunzi. Mkwepaji sugu aliyetoa jina la uongo barua haimfikii kabisa. Huwezi kuniambia ada inamkomesha yeye.

Na sijasema ifutwe. Nimesema isubiri. Rufaa zina ngazi tatu: ya kwanza ndani ya siku 21, ya pili siku 14 baada ya kukataliwa, na ya tatu siku 14 tena kwa jopo huru. Akishindwa ngazi ya tatu na bado hataki kulipa, dai gharama zako.

Wa Glasgow

Nawasoma tu. Huku Uskoti ScotRail hawana nauli ya adhabu kabisa. Mkaguzi anakuuzia tiketi, mnaagana. Wakwepaji wapo, sikatai.

Mfuatiliaji wa Nairobi

Swali la mshamba. Madaraka Express huwezi kufika kwenye behewa bila tiketi yenye jina lako na kitambulisho. Kwa nini huko wasikague watu kabla ya kupanda, hizi barua zote ziishe?

Mama Coventry

Mombasa hadi Nairobi vituo vinahesabika kwa vidole, ndugu yangu. Huku viko zaidi ya 2,500 na vingi havina hata mlinzi. Ndiyo maana mimi nasema: kampuni iliyoondoa mtu dirishani ili ipunguze gharama isije kunidai mimi gharama za usimamizi. Ilishazipunguza.

Tajiri wa Maneno

Hapo mama umeongea.

Binti Pwani

Nirudi kwa nesi, maana tusimwache hewani. Kanuni zinakubali rufaa kwa sababu tatu: adhabu haikutozwa kwa kufuata kanuni, aliyeandikiwa siye anayestahili kulipa, au kuna sababu nzito ya kumwondolea. Mashine pekee ikiwa imezima, hiyo ni ya kwanza, asiibebe kama ombi la huruma. Watu wetu tunapenda kuandika "naomba mnisamehe" hata tukiwa na haki. Aandike tarehe, saa, kituo, aambatishe picha, na aombe kumbukumbu za mashine ya siku ile. Zipo, kampuni inazo.

Swali langu kwa Mzee wa Geti: akishinda, adhabu itarudishwa. Zile pauni za usimamizi atamdai nani?

Mzee wa Geti

Zirudishwe zote, kwa hilo sitawatetea. Kama deni halikuwepo, usimamizi wake haukuwepo pia. Ila aambiwe atunze namba ya rufaa na bahasha za barua zote mbili, zenye mihuri ya tarehe. Nimeona kesi nzuri ikifa kwa sababu mtu alitupa bahasha.