Yah: Kubadilisha jina la kampuni, na benki inayodai kwamba akaunti ni ya "kampuni nyingine"

Kutoka: Mama Usafi, Leicester

Ndugu zangu, habari za siku nyingi, na kwa wakubwa, shikamooni.

Wengi wenu mnafahamu kwamba kampuni yetu ya usafi tuliianzisha mimi na mwenzangu, na kwamba jina lake lilitokana na herufi za mwanzo za majina yetu wawili. Mwaka jana mwenzangu aliniuzia hisa zake, tukaagana vizuri, na kwa kuwa sikuona sababu ya kuendelea kubeba herufi zake kwenye gari na kwenye fulana za wafanyakazi, nilipitisha azimio maalumu, nikajaza kwa mtandao NM01, fomu ya kubadilisha jina ya Companies House (msajili wa makampuni wa hapa Uingereza), na siku chache baadaye nikapokea cheti. Hadi hapo sina malalamiko yoyote.

Matatizo yalianzia benki. Kijana aliyenihudumia alikisoma cheti mara mbili, akakigeuza upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa hiki ni cheti cha usajili chenye tarehe ya mwezi huu, basi kampuni hii ni mpya na haiwezi kutumia akaunti ya ile iliyotangulia. Nifungue akaunti nyingine. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba namba ya kampuni ni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Akasema atauliza wakubwa zake. Hii ni wiki ya tatu.

Wakati huohuo mteja wangu mkubwa ameandika jina jipya kwenye mfumo wake wa malipo, kama nilivyomwomba mwenyewe, na sasa kila akijaribu kulipa, ule ukaguzi wa jina la mpokeaji ambao mabenki hufanya kabla ya kutoa fedha unamjibu kwamba jina halilingani na akaunti. Mhasibu wake hataki kubonyeza "endelea", wala simlaumu.

Swali langu ni moja tu. Ninazo ankara tatu ambazo nilizitoa kabla ya tarehe iliyo kwenye cheti na bado hazijalipwa. Je, nizifute na kuziandika upya kwa jina jipya, au niziache kama zilivyo? Ni mishahara ya watu sita hiyo.

*

Kutoka: Msafirishaji, Luton

Dada, pole sana. Mimi nilipofika kwenye hatua kama hiyo niliona usumbufu umezidi, nikafungua kampuni mpya kabisa yenye jina nililolitaka, nikaiacha ile ya zamani ilale. Ilinichukua siku moja. Ushauri wangu ni kwamba usipigane na benki. Fungua mpya, hamishia kazi huko, na hizo ankara uziandike upya zote.

*

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Reading

Kwa heshima zote kwa ndugu yetu wa Luton, ushauri huo ni wa kumponza mtu, nami naomba asiufuate.

Kubadilisha jina si kuzaliwa upya. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006 kinasema kwamba jina jipya linaanza kufanya kazi siku ile cheti kilipotolewa, na kwamba mabadiliko hayo hayagusi haki wala wajibu wowote wa kampuni. Hata kesi iliyokwisha funguliwa kwa jina la zamani inaendelea kwa jina jipya. Namba ya kampuni ni ileile, UTR (namba ya mlipakodi) ni ileile, namba ya VAT ni ileile, na mikataba inabaki kuwa ya mtu yuleyule wa kisheria. Anayefungua kampuni mpya ndiye anayepoteza vyote hivyo: kila mteja inabidi aingie mkataba upya, wafanyakazi wanahamishwa kwa utaratibu wa TUPE, yaani kanuni za kulinda ajira biashara inapohamia kwa mwajiri mwingine, PAYE inaanza upya, na historia ya mikopo inabaki kwa yule aliyelazwa. Na huyo aliyelazwa bado anadai hesabu zake za mwaka na taarifa ya uthibitisho, asipopelekewa anatozwa faini. Ndugu wa Luton atueleze kama ile ya zamani anaipelekea.

Mama Usafi, naomba unieleze mambo matatu kabla sijakushauri zaidi. Je, azimio lilipitishwa kwa asilimia 75 au zaidi ya kura? Je, hisa za mwenzako zilikuwa zimeshaandikwa kwako kwenye daftari la wanahisa siku azimio linapita, au mlikuwa bado wawili? Je, umewaarifu watu wa VAT? Companies House huwapelekea HMRC, yaani mamlaka ya kodi, habari kwa ajili ya kodi ya kampuni, lakini kwa upande wa VAT unapaswa kuwaarifu mwenyewe ndani ya siku 30, na watu wengi hukwama hapo kwa kudhani kwamba HMRC ni chumba kimoja.

*

Kutoka: Msafirishaji, Luton

Mzee, nilieleza nilichofanya mimi, sikusema kwamba ndiyo sheria. Na ndiyo, ninapeleka.

*

Kutoka: Mlezi, Northampton

Shikamoo Mzee, na pole dada.

Naomba niongeze jambo ambalo nadhani linawahusu wengi humu, kwa sababu nusu yetu tuko kwenye kazi za ulezi. Sisi tulibadilisha jina mwaka juzi, baada ya kugundua kwamba kulikuwa na kampuni nyingine katika mji uleule yenye jina linalokaribiana sana na letu, kiasi kwamba ndugu za wagonjwa walikuwa wakitupigia simu usiku kulalamikia walezi wasio wetu. Tulishughulika na benki, bima, VAT na kibao cha mlangoni, tukajipongeza. Siku ya kumi na nane ya kazi, nikiwa jikoni napanga zamu za Jumapili, ndipo nilipokumbuka leseni ya udhamini, ile ya kuajiri watu kutoka nje ya nchi. Mwajiri mwenye wafanyakazi wa CoS (cheti cha udhamini) anatakiwa kuripoti mabadiliko ya jina kwenye SMS, ule mfumo wa mtandaoni wa wadhamini, ndani ya siku 20 za kazi, na kwa mwenye leseni hilo ni sharti, halina mjadala. Niliacha zamu mezani, nikatafuta nywila ya SMS kwenye daftari la mwaka mzima, na nikaripoti usiku uleule.

Halafu kuna CQC, wasimamizi wa huduma za afya na ulezi, ambao nao wanapaswa kuarifiwa, kwa sababu cheti chao kinabeba jina la mtoa huduma. Cheti cha bima ya waajiri nacho hakina budi kuwa na jina sahihi la mwajiri. Ada ya ulinzi wa taarifa inayolipwa ICO, ofisi inayosimamia taarifa binafsi, nayo ina jina la kampuni. Magari yana V5C, yaani hati ya usajili.

Kwa hiyo dada, hata benki wakikukubalia kesho, usidhani kwamba umemaliza. Andika kwenye karatasi kila mahali ambapo jina lako limewahi kuandikwa.

*

Kutoka: Fundi Simu, Coventry

Wakubwa, shikamooni. Naomba kuuliza jambo lililo karibu na hilo. Mimi sina kampuni, ninafanya kazi kama mtu binafsi, na ninataka kubadilisha jina la kibanda changu cha kutengeneza simu. Nimetafuta ni wapi ninasajili jina jipya la biashara, kama tunavyofanya nyumbani Tanzania kwa wakala wa usajili, BRELA, na sikuona fomu. Kuna anayejua namba yake?

*

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Reading

Hakuna fomu kwa sababu hakuna daftari. Nyumbani tunalo daftari la majina ya biashara hadi leo, na sheria yake ni ya tangu enzi za mkoloni; hapa kwao waliokuwa nalo walilifuta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walitupa mzigo, kisha wao wakautua.

Mtu binafsi anachagua jina, anawaarifu HMRC, na anaandika jina lake halisi pamoja na jina la biashara kwenye ankara na barua zake. Haruhusiwi kuweka "Ltd" wala "Limited" mwishoni kana kwamba ni kampuni, na yako maneno kama "Royal" na "Bank" ambayo hayatumiki bila kibali. Hayo ndiyo yote. Lakini utambue pia kwamba kwa kuwa hakuna daftari, hakuna anayekulinda. Jirani anaweza kufungua kibanda chenye jina hilohilo. Kinachokulinda ni alama ya biashara, na hiyo inasajiliwa katika ofisi nyingine kabisa. Hata mwenye kampuni asijidanganye kwamba kukubaliwa na Companies House ni sawa na kumiliki jina.

*

Kutoka: Fundi Simu, Coventry

Nashukuru sana, Mzee. Basi nimehangaika miezi miwili kutafuta kitu ambacho hakipo.

*

Kutoka: Mwana wa Kisauni, London

Mzee amesema kweli kuhusu majina, nami nilijifunza kwa mfuko wangu. Nilitaka kubadilisha jina la kampuni yangu ya mapambo ya sherehe, nikatazama kwenye daftari la mtandaoni, nikaona lipo jina kama lile nililolitaka, nikajiona mjanja kwa kuongeza "UK" mwishoni. Kabla ya kupata cheti nilikwisha agiza kibao cha mlangoni, stika za gari na kadi mia tano. Jina lilikataliwa, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu kanuni ziko wazi: katika kulinganisha majina, "UK" huhesabiwa kama haipo, kama ambavyo "Ltd" huhesabiwa kama haipo. Zile kadi ninazo hadi leo. Watoto huandikia orodha za sokoni kwa nyuma.

Kwetu ungemwita fundi mwenye brashi na kopo la rangi, akafuta jina la zamani na kuandika jipya juu yake asubuhi moja, akakuchorea na ua pembeni bila kudai nyongeza. Hapa kibao chenyewe ni jambo la kisheria: jina lililosajiliwa lazima lionekane kwenye ofisi iliyosajiliwa na mahali pa kazi, isipokuwa pale ambapo ni nyumba ya kuishi hasa, na barua, ankara na tovuti zibebe jina hilo, na barua na tovuti ziongezewe namba ya kampuni, sehemu ya Uingereza ilikosajiliwa na anwani ya ofisi.

Dada, je, ungeweza kuendelea na jina lile la zamani kwenye daftari na kutumia jina jipya kama jina la kibiashara tu? Wengi wanafanya hivyo, na benki haiguswi.

*

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Reading

Angeweza, lakini amekwisha pewa cheti. Tusimrudishe nyuma.

*

Kutoka: Mama Usafi, Leicester

Ninawashukuru nyote, na Mzee ninakujibu kwa mpangilio ulioniuliza. Azimio lilipitishwa na mimi peke yangu, kwa maandishi, nikiwa na hisa zote, na hisa ziliandikwa kwenye daftari wiki kadhaa kabla. Nakala yake niliipeleka pamoja na NM01. VAT nimewaarifu jana usiku baada ya kusoma barua yako, na nilikuwa nimebakiza siku tano. Udhamini sina, kwa hiyo SMS hainihusu, ingawa nilishtuka niliposoma habari za siku ya kumi na nane.

Benki nilirudi leo asubuhi. Safari hii sikubeba cheti cha mabadiliko peke yake. Nilibeba na kile cha kwanza, cha siku kampuni ilipozaliwa, nikaviweka viwili sambamba mezani, nikaomba kalamu, nikapiga mstari chini ya namba ya kampuni kwenye nakala zote mbili. Niliongeza ukurasa wa daftari la mtandaoni la Companies House, ambao unaonyesha jina la sasa na, chini yake, jina la zamani pamoja na tarehe lilipokoma. Yule kijana hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, ambaye alitazama mistari miwili, akasema neno moja tu, "sawa", na akaanza kuandika kwenye kompyuta. Ameniambia ni siku tano za kazi, na kwamba namba ya akaunti haibadiliki.

Swali la ankara bado liko palepale.

*

Kutoka: Msafirishaji, Luton

Hongera dada. Hiyo ya kuweka vyeti viwili sambamba ningeijua mapema nisingefungua kampuni mpya. Na Mzee asije akadhani kwamba ninamkubalia yote.

*

Kutoka: Mlezi, Northampton

Hongera sana. Usisahau bima.

*

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Reading

Umefanya vizuri, na hasa umefanya vizuri kuwahi VAT. Sasa, kwa kuwa wewe ni mkurugenzi, nakukumbusha pia kwamba tangu Novemba 2025 wakurugenzi wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao Companies House, nawe usipotayarisha msimbo wako binafsi utakwama wakati wa taarifa ya uthibitisho. Msimbo huo ni wa mtu, na ni tofauti na ile namba ya siri ya kampuni yenye herufi na tarakimu sita inayotumwa kwa posta kwenye ofisi iliyosajiliwa. Watu wanavichanganya hivi viwili kila wiki, kisha wananipigia simu wakati wa kula.

*

Kutoka: Fundi Simu, Coventry

Mzee, je, huo msimbo unanihusu na mimi nisiye na kampuni?

*

Kutoka: Mhasibu Mstaafu, Reading

Hapana. Nimesema wakurugenzi.

*

Kutoka: Mama Usafi, Leicester

Msimbo ninao tayari, Mzee, ahsante.

Ninawapa taarifa ya mwisho kwa wale walioniandikia pembeni. Nimempigia mhasibu wa mteja, tukakubaliana kwamba kwa sasa arudishe jina la zamani kwenye mfumo wake, kwa kuwa ndilo ambalo benki bado inalitambua, na kwamba siku benki itakapobadilisha nitamtumia barua yenye namba ya kampuni, majina yote mawili na nakala ya cheti, ili abadilishe na yeye. Amejaribu nikiwa bado kwenye simu, na jina limelingana. Ankara ya kwanza imelipwa saa tisa alasiri, kwa jina la zamani, kama ilivyoandikwa. Mbili zilizobaki nitaziacha hivyohivyo hadi mtu aniambie vinginevyo.