Konsaltanti alituambia "subirini Aprili", tumepoteza dola 17,400. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Niko Brisbane, kampuni yetu ni watu wanne, tunatengeneza kamera na programu ya kutambua magonjwa ya kahawa mapema kabla mkulima hajayaona kwa macho. Kwa wasiojua, Australia kuna nafuu ya kodi kwa kampuni zinazofanya utafiti, kama mauzo yenu hayafiki dola milioni 20 kwa mwaka na mmetumia angalau dola 20,000 kwenye utafiti, kampuni inayotozwa kodi ya asilimia 25 inarudishiwa senti 43.5 kwa kila dola, na mkiwa mmepata hasara inaingia keshi. Kwa kampuni ndogo kama yetu hiyo ndo mishahara yenyewe.

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na kusajili utafiti ni kuanzia Julai 1 mpaka Aprili 30. Miezi kumi! Julai ileile nikampigia huyu konsaltanti tunayemlipa asilimia 12 ya kitakachorudi, nikamwambia tupeleke sasa hivi vijana bado wanakumbuka walichofanya. Akanijibu usiwe na haraka kaka, watu wote wanapeleka Aprili. Agosti jibu lilelile. Novemba simu hapokei.

Sasa sikieni panaponiuma. Kutu ya majani ipo Australia, hiyo tuliijaribia Mareeba huku huku Queensland, lakini chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, haipo kabisa nchi hii, ikabidi twende Moshi kwenye mashamba yenyewe, nauli, vibarua, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, jumla dola 40,000. Matumizi ya nje yanakubalika ila lazima uombe idhini yake peke yake, uonyeshe kazi haiwezi kufanyika Australia, inafungamana na utafiti wa ndani, na pesa ya nje ni ndogo kuliko ya ndani. Vyote tulikuwa navyo! Ila ombi linatakiwa liingie KABLA mwaka wa fedha haujafungwa. Mimi Mei ile, mwezi mzima kabla ya mwaka kufungwa, nilimwandikia imeli nikamuuliza hii ya Moshi tunaifanyaje, akajibu itaingia humohumo kwenye fomu ya Aprili. Aprili 22 ndo ananipigia eti ile ya nje ilishafungwa tangu Juni iliyopita. Asilimia 43.5 ya 40,000 ni dola 17,400, zimekwenda hivyo.

Na hiyo iliyobaki tumeijaza kama watu wanaokimbizwa. Ile fomu haitaki hadithi, inataka nadharia tete yenu ilikuwa nini, kwa nini mtaalamu asingeweza kujua jibu bila kufanya jaribio, mlipima nini, mkaona nini, kumbukumbu ziko wapi. Kijana aliyekuwa anaendesha majaribio ya Mareeba aliacha kazi Januari, madaftari yake hayaonekani, tukawa saa nane usiku tunaunganisha picha za WhatsApp na tarehe za invoisi ili tujue wiki gani tulibadilisha lenzi. Julai angetuelezea yote kwa nusu saa akiwa amekaa palepale mezani! Na ikija kukaguliwa inayojibu ni kampuni, sio konsaltanti.

Halafu bila namba ya usajili huwezi kudai kitu kwenye ritani ya kodi, kwa hiyo ritani nayo ilikaa inasubiri, na sisi tukakopa benki kulipa mishahara, riba inakimbia wakati hela yetu ingekuwa imeshaingia zamani.

Nilipomuuliza kuhusu 17,400 akasema sheria ndo zilivyo. Sheria nazijua sasa, nimezisoma mwenyewe usiku, kazi yake ilikuwa kuzijua Mei.

Yule mtaalamu wa Moshi bado anatudai. Kila Ijumaa ananitumia ujumbe, "vipi kaka, imeingia?" na sina cha kumjibu.