Tupeane uzoefu: risasi ya nguruwe pori huku Kusini

Dungu la Nanyumbu

Wakuu salaam. Kila mwaka mihogo ikianza kutia mizizi maswali ni yale yale: nguruwe pori wameingia shambani, kibali kimetoka, nitumie risasi gani? Uzi huu uwe wa kaliba, uzito wa risasi na inavyofanya kazi ndani ya mnyama. Zile za "babu alimpiga kwa gobore akadondoka hapo hapo" tuziache kijiweni. Ni kwa wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda; asiye navyo aanzie kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Naanza na mnyama mwenyewe, maana mengi tunayosoma ni ya Marekani. Kule wanawinda nguruwe wa kufugwa waliokimbilia porini wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Dume lao lina ngao ya gegedu mabegani, ndiyo maana wanabishana mpaka usiku kuhusu kupenya. Nguruwe pori wetu mwenye singa ndefu mgongoni, wengi wana kilo 50 hadi 80, dume kubwa hupita hapo. Tunampiga kwenye mihogo au chini ya mikorosho, mita 20 hadi 60. Ngiri ni mnyama wa mchana na wa uwazi, anaweza kusimama mita 100. Tofauti hiyo ya umbali ina uzito kuliko jina lililogongwa kwenye kitako cha ganda.

Mzee wa Liwale

Umeanza vizuri. Niwaambie wenye bunduki za kaliba ya .308 na .30-06, ambao ndio wengi: bunduki mnayo tayari, kosa liko kwenye boksi mnalonunua. Watu wanachukua risasi nyepesi kwa sababu ina kasi. Risasi ya softi, yaani yenye ncha laini, hutanuka inapogonga mwili, na kadiri kasi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyotanuka kwa fujo. Mita 30 kasi haijapungua bado. Softi nyepesi yenye ganda jembamba la shaba ikigonga mfupa wa bega kwa kasi hiyo hupasuka vipande, nyama ya juu inachanika, moyo haujaguswa. Nguruwe anaondoka na miguu mitatu.

Kwa .308 chukua grein 165 au 180, yaani gramu 10.7 au 11.7. Kwa .30-06 chukua 180, na ukipata 220 (gramu 14.3) usiiache kwa sababu tu ni ya polepole. Inatoka mtutuni kwa mita 730 hivi kwa sekunde, inatanuka kwa utaratibu na inatokea upande wa pili.

Na kutokea upande wa pili ndiko tunakokutaka. Nguruwe ana mafuta chini ya ngozi, tundu la kuingilia huzibwa na mafuta na ngozi ikijivuta. Anaweza kukimbia mita 50 bila tone chini. Tundu la kutokea, kubwa zaidi na mara nyingi la chini, ndilo linalokuchorea njia kwenye majani.

Mkorosho 47

Shikamoo mzee. Na .243 je? Kuna wanaosema ni ya swala tu.

Mzee wa Liwale

Marahaba. Grein 100 ya .243 ni gramu 6.5 kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Ngiri amesimama ubavu, mita 80, unapitisha nyuma kidogo ya mkono kwenye mbavu: inatosha kabisa. Nguruwe pori anayekuangalia kwa mshazari kwenye mihogo, risasi ikalazimika kuvunja bega kwanza: iache. Na .223 ya grein 55 usiilete hapa, ni gramu tatu na nusu tu. Ya .22 ndogo ni ya kanga.

Fundi Mtutu, Mtwara mjini

Nyongeza kwa wenye .375 H&H. Kaliba hiyo ya mwaka 1912 ipo kwa ajili ya nyati na wenzake, ila anayeimiliki hana haja ya kutafuta bunduki nyingine kwa ajili ya nguruwe. Watu wanadhani itasambaratisha nyama. Softi ya grein 300 inakwenda mita 770 hivi kwa sekunde, na kwa mnyama wa kilo 70 inapita ikiacha nyama iliyoharibika kidogo kuliko .300 Magnum iliyogonga karibu. Usitumie solidi, yaani risasi ngumu isiyotanuka. Inatoboa tundu la upana wake, inaendelea na safari, na nguruwe pori hutembea kwa kundi: unaweza kuua mmoja na kujeruhi wa nyuma yake ambaye hukumwona.

Tatizo la .375 ni teke, yaani bunduki inavyokupiga begani ikifyatuka. Mtu akishaliogopa hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kukishtua, risasi inakwenda chini kulia. Kama unatumia mkono wa kulia na matundu yako kwenye karatasi yamejikusanya huko, usianze kuzungusha darubini. Mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kujua kama chemba ina risasi au haina. Ukivuta ikiwa tupu na mtutu ukaruka, umeshajua mgonjwa ni nani.

Dungu la Nanyumbu

Wengi vijijini wana shotgani. Tusiwaruke.

Fundi Mtutu, Mtwara mjini

Kwenye shotgani ndiko wanyama wengi wanakojeruhiwa, nitakwenda polepole.

Marisau madogo ya ndege yaondoe kabisa mawazoni. SG, yaani marisau makubwa ya wanyama, kwa kaliba 12 ina gololi 9 hivi zenye kipenyo cha milimita 8.4. Mita 15 gololi zote zinaingia kwenye kifua. Mita 30 zimetawanyika, labda tatu zitapata kifua na mbili zitapata tumbo. Gololi moja ina gramu tatu na nusu tu na haina umbo la kukata upepo, nguvu inaisha haraka. Mpaka wa SG kwa nguruwe ni mita 20, na mimi sitaongeza hata mita tano kumfurahisha mtu.

Slagi ni habari nyingine. Ni pande moja la risasi la gramu 28 kwenye kaliba 12, na mita 40 linavunja bega na kupita. Ila mtutu wa shotgani hauna darubini wala mara nyingi hauna kilengeo cha nyuma, kwa hiyo piga slagi tano kwenye karatasi mita 40 kabla ya shamba. Zikitawanyika kuzidi upana wa sahani ya chakula, sogea mita 30. Mtutu ambao mdomo wake umebanwa sana hautoi slagi vizuri. Uliobanwa kidogo au usiobanwa kabisa ndio wake. Risasi za kuyeyusha nyumbani zisizolingana na mdomo huo zinapasua mtutu.

Na hili la kupasua lina ndugu yake. Risasi ya kaliba 20 ikichanganyika mfukoni na za kaliba 12, ukiitia kwenye bunduki ya 12 inateleza inaingia ndani ya mtutu na kukwama mbele ya chemba. Unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua. Ndiyo maana za kaliba 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Mfuko mmoja, kaliba moja.

Bibi Shamba wa Newala

Mnaongea kaliba, hakuna aliyesema pa kupiga. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko watu wanavyodhani, katikati ya mikono, theluthi ya kwanza kutoka chini ya kifua. Ukilenga nyuma ya bega kama swala unapata ini au utumbo. Panda na mstari wa nyuma wa mkono, simama theluthi moja ya kimo cha mwili. Na kimo hicho usihesabu singa! Zikisimama, nusu ya kile unachokiona juu ya mgongo ni nywele tupu, risasi inapita humo bila kugusa uti.

Juu ya dungu mambo hubadilika kidogo. Jicho lako liko mita nne juu, nguruwe yuko mita 30: risasi inashuka, itatokea chini kuliko ilipoingia. Inua shabaha kama vidole viwili. Faida yake kubwa ni usalama. Kutoka hapo risasi iliyotokea hugonga udongo mita tatu hivi nyuma ya mnyama. Mtu aliyelala chini akapiga usawa, risasi ya .308 iliyokosa huweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na mashamba yetu yana vibanda vya walinzi wa korosho kila upande.

Baada ya kupiga, kaa. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, dakika 15 zinatosha. Nyeusi nzito ni ini, subiri zaidi. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu, ni tumbo; ondoka taratibu, rudi baada ya saa kadhaa na watu wawili, risasi ikiwa chemba. Akifukuzwa mapema anaingia kichakani, na humo hukugeukia.

Mkorosho 47

Kuna anayedai risasi nzito yenye pua butu inapita kwenye vijiti bila kupinda. Kweli?

Mzee wa Liwale

Hapana. Zote hupinda, butu na kali. Kijiti kikiwa sentimita chache mbele ya nguruwe madhara ni madogo, kikiwa mita tano mbele yake hujui itakwenda wapi. Tafuta uwazi au mwache apite.

Dungu la Nanyumbu

Fundi, Mauser za kizamani zenye 8x57 zinazopatikana kwa wazee?

Fundi Mtutu, Mtwara mjini

Hatari iko hapo. Kuna 8x57 I yenye risasi ya inchi .318 na 8x57 IS ya .323. Ganda ni moja kwa macho, na IS huingia chemba ya mtutu wa I bila shida, kisha risasi nene inalazimishwa kwenye mtutu mwembamba na shinikizo linapanda. Herufi S ndiyo ya kutafuta kwenye chuma na kwenye boksi. Kama chuma kimefutika, mtutu upimwe kwanza. Kaliba ya 9.3x62, iliyobuniwa Berlin na Otto Bock mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji wa makoloni ya Kijerumani Afrika, haina mkanganyiko huo. Risasi yake ya grein 286 kwa mita 720 kwa sekunde ni kama ilipimiwa mihogo yetu.

Mwisho kwa upande wangu, boksi jipya lina risasi 20: tumia sita kwenye karatasi. Ya .308 ukiinyoosha igonge pale pale unapolenga mita 100, mita 25 itagonga kama sentimita moja na nusu chini, mita 200 sentimita 12 hivi chini. Futa mafuta ndani ya mtutu kabla ya kwenda shambani, la sivyo risasi ya kwanza inakwenda kwingine. Na msipake mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai huko Newala yanaganda, kipini cha kugonga fataki kinakwenda kivivu, unasikia tiki, nguruwe naye amesikia.

Bibi Shamba wa Newala

Wenye nguruwe wa kufuga nyumbani: matumbo ya nguruwe pori na ngiri yafukieni porini, viatu na kisu vioshwe huko huko. Homa ya nguruwe ya Afrika wao wanaibeba bila kuugua, wa bandani hufa karibu wote.