Naomba ushauri: nimjibuje mwanafunzi huyu kuhusu Mungu mmoja na miungu mingi?

Habari zenu wandugu. Nipo Newala, Mtwara, nafundisha historia. Juzi nilieleza jinsi Farao Akhenaten wa Misri, karne ya 14 KK, alivyotaka Aten, yaani jua, aabudiwe peke yake. Alipokufa, watu wakamrudia Amun na miungu mingine ya zamani.

Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu humwaga unga chini ya mti akiwaita marehemu, halafu anamtaja Nnungu (Mungu kwa Kimakonde). Ana miungu mingapi?"

Nikakosa jibu. Kwa ninavyoona mimi, Nnungu ni mmoja, wahenga wanamfikishia maombi tu. Lakini darasani wamo Waislamu na Wakristo, na sitaki bibi wa mtoto aitwe mpagani. Mnaoijua mila ya Wamakonde, nimwambieje Jumatatu?